Kuni za Matanga ya Mama

Mwamapalala,
S.L.P. 17,
Bariadi.

22 Machi 1998

Mpendwa Kaka Constantine,

Mwangaluka, kaka. Ni Jumapili asubuhi, nimetoka kanisani sasa hivi, na kabla sijabadilisha kitenge nimekaa kukuandikia, maana nikianza kazi za nyumbani sitakaa tena. Hamjambo huko Tanga? Wifi Specioza hajambo? Kile kikohozi chake kimepungua? Na watoto je, wameshalizoea joto la pwani au bado wanalia kila wakiambiwa wakalale? Kwenye barua yako ya mwisho uliandika kwamba kiwanda kinasubiri mwenyewe mpya, na majina ya watakaopunguzwa yatabandikwa ukutani. Tunakuombea jina lako lisionekane pale. Tukisali rozari hapa nyumbani, ukuta huo tunautaja.

Sisi tuliobaki hatujambo, na siku hizi neno hilo hatulisemi kwa mazoea. Mtu akikujibu kuwa hajambo, unamtazama machoni kwanza. Mimi ni mzima. Mdogo wetu Danford ni mzima ingawa amekonda, na anajifanya mtu mzima sana tangu ndevu tatu zimwote kidevuni. Mvua hizi wanazoziita El Nino hazijatupa nafasi ya kuanika hata shuka. Pamba ya mbugani imesimama ndani ya maji, mahindi yamegeuka manjano, mpunga peke yake ndio unaofurahi.

Tulisikia kwenye redio kwamba reli imekatika na barabara zimeliwa na maji. Kwa hiyo sikukulaumu kwamba hukufika kumzika mama, na hapa nyumbani hakuna aliyekulaumu. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma mengine, kwa sababu mengine yatakuudhi.

Simu yako ya maandishi ilifika. Uliandika: "Mama asizikwe kama kuku. Chinjeni maksai. Watu wale. Constantine." Najua posta wanalipisha kwa neno, ndiyo maana ukaacha salamu na pole, ukabakiza amri tupu. Nilicheka kidogo katikati ya kilio, kwa kuwa niliisikia sauti yako kabisa, ile ya kututuma maji tukiwa wadogo. Lakini kaka, maksai sikumchinja. Naandika nikueleze kwa nini, na nikuombe umzuie baba mdogo Mahona, maana ametangaza kwamba maksai huyo atachinjwa Jumatatu ya Pasaka.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Kipindupindu kilitufikia baada ya Krismasi. Redio inasema kimeenea nchi nyingi, kinavuka mipaka bila kuulizwa hati, lakini hapa kwetu kilipitia lambo. Unalijua lambo letu. Mvua ilisomba kila kitu cha kijiji hadi mle ndani, uchafu wa ng'ombe na wa watu, na mle mle ndimo tunamochota maji ya kunywa. Bwana afya alikuja na pikipiki yake, akasimama mbele ya shule, akatuambia tuchemshe maji. Alisema kwa upole, alisema mpaka wazee wakaelewa, tukampigia makofi. Alipoondoka tukabaki tunatazamana.

Tuchemshe kwa kuni zipi? Umekaa mjini siku nyingi, labda umesahau. Miti hakuna huku. Tunapikia mashina ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na mvua ilikuwa imelowesha vyote. Mama alikuwa akianika mavi ya ng'ombe juu ya kichanja ndani ya jiko, akiyageuza kama mtu anayegeuza maandazi, ili apate moto wa kusonga ugali mara moja kwa siku. Nilipomwambia tuchemshe na maji, aliniuliza moto wenyewe ni mmoja, nachagua kipi. Tukala ugali wetu, tukashushia maji ya lambo. Kila nyumba ilifanya hivyo. Hakuna aliyekuwa mjinga wala mkaidi.

Mama alipoanza kuharisha, alificha. Alikuwa akijipenyeza kwenye mtama nyuma ya nyumba kabla hatujaamka, akirudi anasema michembe ya jana, vile viazi vikavu, imemkorofisha. Mimi nilikuwa kwenye palizi mbugani. Niliporudi nilimkuta ameketi, ameegemea ukuta, macho yamezama, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nikasema twende kwenye kambi ya wagonjwa. Akashika nguzo ya mlango. "Niacheni," akasema, "ni tumbo tu."

Wewe na mimi tunajua alichokuwa anaogopa. Tulipomuuguza baba tulianza na kadi, ikafuata sindano ya kununua dukani, ikafuata glavu, ikafuata dawa ambayo zahanati haikuwa nayo lakini duka la jirani lilikuwa nayo. Mwisho tukamuuza maksai mweusi, na baba akatutoka vile vile. Tangu walipoanza kutuchangisha kwenye matibabu, mama aliamini kwamba ugonjwa ukiingia nyumbani, ng'ombe anatoka. Alikuwa amebaki maksai mwekundu peke yake, yule tunayemfunga nira moja na maksai wa jirani yetu Shigela. Bila yeye hatulimi, na Shigela naye halimi. Ushirika haukopeshi tena chochote, na hawa wanunuzi wapya wa pamba wanakuja na mizani yao na kuondoka na mizani yao. Ukiwauliza habari za jembe wanakuona kama umelewa.

Mimi na Danford tulimbandua mama kwenye ile nguzo, tukamlaza kwenye mkokoteni wa maksai. Alikuwa mwepesi mno. Njia yote ilikuwa tope jeusi lile la mbugani linaloshika gurudumu na kukataa kuachia, tukawa tunashuka na kusukuma, tunashuka na kusukuma, mpaka jua likatupita kichwani.

Tulipofika kambini, neno la kwanza kunitoka mdomoni halikuwa la mgonjwa. Niliuliza tunalipia wapi. Muuguzi, mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya mpira, aliacha alichokuwa anafanya akanitazama. "Kipindupindu hakilipiwi, mama," akaniambia. "Dripu ni bure, tangu siku ya kwanza ni bure. Kwa nini mmemchelewesha hivi?"

Labda tuliambiwa na hatukusikia, labda tulisikia na hatukuamini. Miaka hii hatujazoea neno bure kutoka kwenye meza ya dawa. Walimhangaikia, sitawasingizia. Walitafuta mshipa huku na huku, ulikuwa umekwisha kujificha. Mama alikata roho kabla jua halijazama. Hasira niliyokuwa nayo, kaka, ningeweza kuling'oa lile hema na kamba zake, na sikujua nimkasirikie nani.

Alizikwa na watu wa afya, kwa ile dawa yao nyeupe, sisi tukiwa tumesimama mbali. Hakuoshwa na dada zake. Najua linakuuma, mimi lilinikata maini. Lakini alivikwa sanda, katekista Januarius aliruhusiwa kusali, jina lake lote lilitajwa, na msalaba upo. Mama hakuzikwa kama kuku. Nilikuwepo, niliona.

Watu walipopata habari wakaja nyumbani, ingawa mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Ungewazuiaje? Na msiba wa kwetu unaujua, hakuna anayekuja mikono mitupu. Kila nyumba ilileta kuni. Walileta mashina ya pamba waliyokuwa wameyaficha chini ya vitanda. Walileta mipini ya majembe, vipande vya milango, mzee mmoja alileta miguu ya kitanda chake. Rundo likapanda likafika kimo cha mlango.

Nilipoliona rundo lile, nilikaa chini. Tangu Krismasi kila mtu alikuwa anasema hana kuni za kuchemshia maji, na hakuna aliyedanganya, kila mmoja peke yake hakuwa nazo. Mama alipokuwa hai anaumwa kiu, hazikuwepo. Amekwisha kuzikwa, zimejaa uani. Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini.

Ndipo akaja baba mdogo Mahona, simu yako amesomewa na iko mfukoni, kisu amekwisha kukinoa. Nikamwambia watu wasile hapa. Alinishangaa kwa dhati. Akasema, "Nyama inachemka, ugali unachemka. Ugonjwa utaingilia wapi?"

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nikamjibu kwamba utaingilia kwenye bakuli la kunawia. Unajua tunavyonawa, kaka. Bakuli ni moja, anaanza mkubwa, na maji yale yale yanashuka mpaka kwa mtoto wa mwisho, halafu mikono yote inakwenda kwenye ugali mmoja. Tumelelewa tukiona hiyo ni adabu, na ni adabu kweli. Lakini pale uani walikuwepo waliotoka kuuguza watu wao asubuhi ile ile, na walikuwepo ambao kwao kipindupindu bado hakijabisha hodi. Bakuli lingewafikia wote kwa zamu.

Baba mdogo akaniambia mbele za watu kwamba mwanamke aliyerudi kwao hapangi ng'ombe wa ukoo. Ni kweli nimerudi. Alipofariki mume wangu, pale Binza kwa wakwe zangu hapakuwa na nafasi yangu tena, na mama ndiye aliyenifungulia mlango. Nilikwenda nikachukua sufuria kubwa za jumuiya zilizoletwa kwa ajili ya nyama, nikazijaza maji, nikavuta kuni kwenye rundo, nikawasha.

Watu walidhani ni maji ya ugali. Wakakaa wanasubiri. Yalipochemka nikayaepua yapoe, nikasimama nikasema kila nyumba ilete dumu lililosuguliwa, ichukue maji yake, ikanywe kwake, na huo ndio msiba wa mama yangu. Kaka, kulikuwa na watu waliotoka Nyalikungu kwa miguu, wana njaa, na mimi nawapa maji ya moto. Wengine walinuna waziwazi. Shangazi mmoja akasema uchoyo huu sikuurithi kwa mama. Baba mdogo akasema nimeuvua ukoo nguo.

Shigela aliondoka bila kuaga, nikajua na yeye nimempoteza. Kumbe alikwenda kwake. Alirudi na dumu, akaliweka mbele yangu, akasimama. Nikamjazia. Wakafuata wanawake, mmoja, halafu watatu, halafu sikuweza kuwafuatilia tena kwa moshi. Jioni ile rundo lote lilikuwa majivu, na hakuna aliyekula kwetu hata tonge.

Tangu hapo tumeendelea vile vile. Nyumba za jirani tumekubaliana kuishi kana kwamba msiba haujakwisha. Kila nyumba inaleta chochote kinachoweza kuwaka, tunawasha moto mmoja mkubwa uani kwetu, na kila mtu anachota maji yaliyochemshwa. Moto mmoja unakula kidogo kuliko mioto mingi midogo, mama yeyote anayepika anajua hilo, ila hatukuwa tumelifanyia kazi. Kuni za ziada zinatoka mbali, vichakani upande wa Meatu, na anayezileta ni maksai wetu akiwa na mwenzake wa Shigela, Danford akiwa na fimbo. Na mikono sasa tunanawa kwa maji ya kumiminiwa. Wazee wanalalamika kwamba ni kama kunyeshewa, lakini wananawa.

Sikwambii ugonjwa umekwisha. Ng'ambo ya lambo wamezika tena wiki hii. Nyumba zinazochota kwetu hazijazika mtu tangu mama. Ndiyo maana nasema maksai akichinjwa, kinachokufa si maksai tu. Mkokoteni utakaa, maksai wa Shigela peke yake hawezi nira, moto utazimika, na watu watarudi kwenye lambo. Wakati wa kulima ukifika tutashika majembe ya mkono, mimi na Danford, kwenye ule udongo mzito. Na wewe mwenyewe, mambo ya kiwandani yakienda vibaya, utarudi kwenye kaya isiyo na kitu cha kuvuta jembe.

Usifikiri namchukia baba mdogo. Mama alimlea tangu alipoletwa hapa akiwa hajaota meno ya pili, alikuwa anamwita shemeji huku anampa chakula kama mwanawe. Anataka kumpa heshima yake, na heshima anayoijua yeye ni nyama. Nimemkuta mara nyingine amekaa peke yake kule kaburini na kofia yake mkononi. Lakini hanisikilizi mimi. Danford anamwogopa, akimwona kwa mbali anakumbuka kazi nyingine. Neno analolisubiri ni lako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Ukimpelekea simu nyingine ya maandishi kabla ya Jumapili ya Matawi, ukamwambia maksai asichinjwe na matanga yamekwisha, atatii. Nimemuuliza katekista, amesema misa ya kumwombea mama inatosha kufunga msiba wa Mkristo, na yuko tayari kumweleza baba mdogo.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Danford analijua kwa sababu alikuwepo.

Njiani kwenda kambini tulikwama kwenye tope, gurudumu limezama nusu. Danford alikuwa anachimba kwa mikono. Mama alikuwa amefumba macho muda mrefu, nikadhani ameshatuacha. Akayafungua. Midomo ilikuwa imekauka, nikainama nimsikie. Akaniuliza, "Mmemuuza?"

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nikamwambia, "Hapana, mayu. Ndiye anayekuvuta."

Akageuza kichwa taratibu, akautazama ule mgongo mwekundu mbele yake, umelowa, unafuka moshi wa jasho. Aliutazama mpaka gurudumu likatoka. Kisha akafumba macho, na hakusema neno jingine tena, njiani wala kambini.

Mama alificha ugonjwa ili maksai yule abaki kwenye zizi hili. Alijinyamazia mpaka akafa, na kilichomuua ni gharama ambayo haikuwepo. Mimi siwezi kumpika huyo maksai nikawaambia watu karibuni.

Kaka, nakuheshimu, na tangu baba aondoke neno lako ndilo neno la kaya hii. Ukishasoma haya ukaona bado anafaa kuchinjwa, basi njoo umchinje kwa mkono wako. Mpaka utakapofika, atakuwa anavuta kuni.

Mpe wifi Specioza salamu zangu, na mwambie maji ya kunywa ayachemshe hata kama hapo mjini yanatoka bombani. Wabusu Elia na Precious, waambie bibi yao aliwataja sana msimu huu wa karanga. Danford anakusalimu, na anaomba ukipata shati la mikono mirefu umkumbuke. Shigela naye amesema nisisahau kumtaja, nimemtaja.

Mungu awafunike kwa mkono wake na awaepushe na ugonjwa huu, na awafungulie njia mje mwone kaburi la mama likiwa limeshaota nyasi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Domitila Sayi